Mchezo na Amana

Kila mtu mzima anacho kitu asichokihitaji ambacho hawezi kukiacha. Mmoja hufuga njiwa asiowala wala kuwauza. Mwingine hutunga mashairi ambayo hayatasikiwa na mtu ila mkewe. Wa tatu huchonga vinyago na kuvijaza uvunguni mwa kitanda. Kazi hizi hazina mshahara, na mtu akiulizwa sababu ya kuzifanya hukosa jibu ila kusema kuwa anazipenda. Lugha yetu huziita mchezo, jina lile lile tunaloupa ufinyanzi wa mtoto akaaye matopeni. Nataka kuuliza katika insha hii kama mchezo wa mtu mzima ni haki yake, na ikiwa ni haki, mpaka wa haki hiyo uko wapi. Swali hili sikulipata vitabuni. Nimelipata kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu.

Mchezo wangu mimi ni kufungua vyombo. Naishi Misungwi, katika mkoa wa Mwanza, mahali ambapo watu huishi kwa pamba, mpunga, mifugo na samaki wa ziwa. Mchana nafanya kazi inayonilisha; usiku, watu wakisha kulala, naketi mezani pangu. Juu ya meza hiyo pana redio ya National iliyoundwa Dar es Salaam, ambayo marehemu baba yangu aliisikilizia habari. Pana simu tisa zilizokufa. Pana bisibisi za ncha nyembamba kama miiba, mita ya kupimia umeme, na chuma cha kulehemea. Hapo nimewahi kutengeneza kengele iliayo pipa la maji ya mvua lijaapo, na redio niliyoichongea sanduku la mninga kwa mikono yangu. Kengele hiyo hainipunguzii kazi yoyote, maana pipa likijaa huonekana kwa macho. Lakini usiku ule ilipolia mara ya kwanza, nilicheka peke yangu gizani kama mtu aliyepokea habari za mtoto kuzaliwa.

Shitaka la kwanza juu ya mchezo ni kuwa ni upotevu. Mjomba wangu alilileta siku moja alipoikuta meza yangu imejaa. Alitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mpwa wangu, vyombo hivi vinaingiza magunia mangapi?" Swali lake halikuwa la dhihaka. Mjomba alikuwa mtu aliyeona miaka ambayo mvua iliposita mtu alihesabu punje, na katika hesabu ya miaka hiyo kila saa ya mtu mzima ilikuwa na mwenyewe: mke, watoto, wazazi au ng'ombe. Atumiaye saa hiyo kwa kitu kisicholisha mtu amechukua kitu cha wengine. Sikumjibu siku ile, kwa sababu ya staha na kwa sababu sikuwa na jibu.

Leo naweza kumjibu, na jibu la kwanza nalitoa kwao wenyewe Wasukuma. Watu hawa, ambao sifa yao ya kulima haina mpinzani, hawakuuona mchezo kuwa adui wa jembe. Mavuno yakisha kuwekwa ghalani, vyama vya ngoma vilitoka uwanjani kushindana, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili, kila kimoja kikijaribu kuwavuta watazamaji kwa nyimbo mpya, kwa madaha, kwa nyoka na kwa mizungu ya kila namna. Hata leo sikukuu ya Bulabo hukusanya ngoma hizo kila mwaka huko Bujora, Kisesa, katika wilaya jirani ya Magu. Mashindano yale hayakuongeza gunia hata moja. Walakini jamii iliyapa majira yake, kiwanja chake na heshima yake, kwa kuwa ilijua ya kwamba mtu si mkono wa kulimia tu.

Jibu la pili ni kuwa hapana ajuaye mchezo utazaa nini. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Ufini, Linus Torvalds, alianza kuandika programu ya kuendeshea kompyuta yake, akawaarifu wenziwe ya kwamba alifanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Mchezo ule uliitwa Linux, na leo ndio kiini cha programu ya Android inayoendesha sehemu kubwa ya simu za ulimwengu. Mchunga ng'ombe wa Misungwi atazamaye bei ya mahindi katika simu yake huenda anatumia matunda ya furaha ya kijana wa nchi ya theluji. Na karibu nasi zaidi, huko Malawi, mwaka 2002, William Kamkwamba, mvulana aliyetoka shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa, aliunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa nyumbani kwao. Jirani zake walimdhania kuwa ameingiwa na wazimu mpaka taa ilipowaka.

Kwa hoja hizi mbili nilijiona nimeshinda. Nilisadiki kwamba udadisi ni jambo jema daima, na kwamba mkono wenye hamu ya kujua hauhitaji ruhusa ya mtu. Nilikuwa katika usadikifu huo mzee mmoja, jirani yetu, alipopiga hodi kwangu jioni ya msimu wa kupanda mpunga.

Alileta simu imefungwa katika kitambaa. Ilikuwa imeanguka majini asubuhi ile katika majaruba, mkwewe alipoinama kupanda, ikakaa humo kwa muda kabla ya kuonekana. Mkewe mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mwimbaji, ambaye sauti yake ilitangulia sauti za wanawake wengine palimwapo pamba, na katika mwaka wake wa mwisho binti yake alimrekodi akiimba nyimbo za palizi, moja baada ya nyingine, ameketi chini ya mwembe. Sauti hiyo ilikuwa katika simu ile, wala haikuwa mahali pengine. Mzee alikifungua kitambaa, akaiweka simu mezani kwa mikono miwili, akauliza: "Mwanangu, bado yumo?" Nikamjibu: "Usiwe na shaka, mzee wangu. Nitaiweza."

Msomaji asiyejua vyombo hivi na aelezwe jambo moja. Maji peke yake si mwuaji wa simu wa haraka. Mwuaji ni umeme upitao penye maji. Simu iliyolowa haifai kuwashwa wala kutiwa chaji. Yafaa izimwe, itolewe betri, ioshwe ndani kwa spiriti safi, ikaushwe, kisha ipimwe kwa mita kabla ya kupewa umeme. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma, na ningeweza kumfundisha mwingine. Lakini usiku ule nilitamani mno kukiona kioo kikiwaka mkononi mwangu, na baada ya kuifuta na kuianika kwa saa chache niliitia chaji. Iliwaka kwa kitambo cha kupepesa jicho, ikazimika, na harufu ya kuungua ikatoka.

Hapo mtu mwenye busara angesita. Mwanza mjini, safari fupi ya basi kutoka kwetu, alikuwapo fundi ambaye kazi yake ya miaka mingi ni simu zilizoharibika namna hiyo, na mimi nilimjua. Lakini nilikuwa nimetazama mara nyingi jinsi kipande kilichoungua kinavyong'olewa kwa kipulizo cha hewa ya moto na kutiwa kingine, nami sikuwa nimepata kulijaribu jambo hilo katika chombo chenye uhai. Nikajiambia kuwa nafasi imefika. Nilipuliza hewa ya moto juu ya kipande kimoja, na joto likamfikia jirani yake, nayo ilikuwa chipu ya kumbukumbu, kile kidonge cheusi ambamo sauti, picha na maandishi yote ya simu hukaa. Ilinyanyuka upande mmoja. Nilipoikandamiza irudi mahali pake, ilipasuka.

Fundi wa Mwanza aliipokea siku ya tatu. Alieleza kwamba katika simu nyingi za siku hizi mambo yaliyohifadhiwa hufungwa kwa ufunguo wa siri ulioshikamana na ubongo wa simu ile ile, hata chipu ikiwa nzima haisomeki katika simu nyingine. Na hii haikuwa nzima. Nilimwuliza kama angeweza kuiokoa lau angeipata mbichi. Akasema labda. Neno hilo "labda" nimekaa nalo tangu siku hiyo.

Nilikwenda kwa mzee na kumweleza yote bila kuficha neno. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila ukali wowote: "Mwanangu, siku ile mimi nilikuuliza habari zake. Wewe ukanijibu habari zako."

Sijapata kusikia hukumu yenye haki zaidi. Nilipoulizwa kama yumo, jibu la kweli lilikuwa "Sijui." Badala yake nilisema nitaiweza, maana yake nilikuwa nimekwisha kumwondoa marehemu katika shauri lile na kujiweka mimi mahali pake. Simu ya mzee iligeuka kuwa ya kumi katika simu zangu za mezani.

Rafiki zangu walinifariji kwa hoja tatu, nami nataka kuzipima, kwa sababu ni hoja ambazo kila mmoja wetu hujipa akosapo.

Ya kwanza ni kwamba nia yangu ilikuwa njema. Hapana shaka sikumtakia mzee ubaya. Lakini nia njema ina ndugu wanaofanana naye sana kwa sura, nao ni tamaa ya sifa na hamu ya kushinda. Watatu hao huingia nyumbani kwa pamoja, na mwenye nyumba hudhani amepokea mgeni mmoja. Usiku ule, lau ningejiuliza ni yupi kati yao aliyeshika mkono wangu, ningemjua.

Ya pili ni kwamba sikutoza hata senti. Hoja hii hupendwa sana, na ni dhaifu kuliko zote. Bure huondoa bei, haiondoi amana. Jirani akikuachia mtoto umwangalie akaenda sokoni, hakulipi kitu, na hapana asemaye kuwa kwa sababu hiyo waweza kumwacha mtoto karibu na moto. Tena fundi alipwaye huzuiwa walau na hofu ya kupoteza wateja. Afanyaye bure hazuiwi na kitu ila dhamiri, na kwa hiyo yampasa awe nayo nyingi zaidi.

Ya tatu ni kwamba pengine simu ile ilikuwa imekufa tangu majarubani. Inawezekana. Lakini mtu aliyepewa nafasi moja akaichezea hawezi kujitetea kwa kusema kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Kadiri nafasi ilivyo ndogo ndivyo isivyofaa kuchezewa.

Basi kosa lilikuwa nini? Halikuwa ujinga, maana nilijua lipasalo. Wala halikuwa udadisi, kwani udadisi ndio ulionifundisha hayo niliyoyajua. Kosa lilikuwa kuuvusha mchezo mpaka wake. Mchezo ni huru kwa sababu moja tu: kinachoweza kupotea ndani yake ni mali ya mchezaji mwenyewe. Nikiunguza redio yangu nimenunua elimu kwa fedha yangu. Nikiunguza kitu cha mwenzangu bila kumwambia kwamba najaribu, nimenunua elimu kwa fedha yake, wala hakuwa na habari ya biashara hiyo.

Katika wilaya yetu hii hii pana mahali ambapo mpaka huo umechorwa ardhini, watu wauone. Ni Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho tangu miaka ya 1930 kimeshughulika na pamba ya nchi za ziwani. Humo zilitoka mbegu zilizochukua herufi mbili za jina la kituo, kama UK 77 na UK 91, zikaenea katika mashamba ya wakulima. Kazi ya Ukiriguru ina sura zote za mchezo: kuoanisha mmea huu na ule, kungoja, kutazama kama majani yenye vinyweleo yatamshinda mdudu afyonzaye utomvu, kutupa mia na kubakiza mmoja. Hata maneno yake ni ya wachezaji, kwani husema tujaribu tuone. Lakini majaribio hayo hufanyika kwanza katika viwanja vya majaribio. Mmea ukifa humo, amepoteza mtafiti. Mkulima mwenye shamba moja, ambaye pamba yake ni ada ya shule na bati la nyumba, hapewi mbegu mpaka imekwisha kushindwa na kushinda mahali ambapo kushindwa kwake hakumwui mtu njaa.

Mimi nilikuwa na simu tisa zilizokufa. Nilikuwa na kiwanja cha majaribio juu ya meza yangu. Nikakiacha, nikaenda kujaribia shamba la mzee, nalo lilikuwa shamba lake moja.

Hapa msomaji aweza kunipinga kwa haki. Atasema: Ikiwa hapana ruhusa ya kujaribu katika vitu vya watu, fundi mpya atatoka wapi? Kila mganga alikuwa na mgonjwa wa kwanza, na kila nahodha alikuwa na safari ya kwanza. Tena, akiwa mbali na mjuzi, aliye na nusu ya ujuzi atakaa mikono kifuani, chombo cha jirani kikipotea mbele yake?

Hoja hii ni ya kweli, nami sisemi kuwa asiyekamilika asiguse kitu. Nasema aseme kweli kabla ya kugusa. Lau ningemwambia mzee: "Kazi hii sijapata kuifanya. Mwanza yuko aliyeifanya mara nyingi. Chagua," uchaguzi ungekuwa wake. Pengine angenipa mimi, kwa mapenzi au kwa kukosa nauli, nami nikishindwa tungekuwa wawili tulioshindwa. Mgonjwa wa kwanza wa mganga hutibiwa mbele ya mganga mkuu. Nahodha mpya huvuka mara ya kwanza na mzee wa chombo akiwa karibu na usukani. Mwenye haki ya kuhatarisha kitu ni mwenye kitu, na hawezi kuitumia haki hiyo ikiwa amefichwa hatari. Hivyo amana haimkatazi mtu kujaribu, ila inamkataza kujaribu kwa siri.

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Kutoka kitenzi kimoja cha kujua ilitoa watu wawili, mjuzi na mjuaji. Mjuzi ni yule ajuaye. Mjuaji ni yule anayejiona anajua. Nimefikiri sana juu ya tofauti yao, na naona kuwa haiko katika wingi wa maarifa. Mjuaji aweza kujua mengi, kama nilivyojua habari ya maji na umeme. Tofauti ni kwamba mjuzi ajua pia mahali ujuzi wake unapokoma, na afikapo hapo husimama. Neno "Sijui" kwa mjuzi ni chombo cha kazi kama bisibisi. Kwa mjuaji ni aibu.

Wala jambo hili si la meza za usiku tu. Tangu mwaka 2008 fedha zilipoanza kutumwa kwa simu hapa Tanzania, watu wengi wameweka katika vyombo hivi akiba yao, barua zao, picha za harusi na sauti za wafu wao. Na vyombo hivyo vimeundwa na watu waupendao mchezo kama mimi, ila meza zao ni kubwa. Programu mpya hutolewa asubuhi kwa mamilioni ya watu, na jioni hugunduliwa kosa lake. Mitambo ya akili bandia hutiwa mikononi mwa wanafunzi, wagonjwa na waombao ushauri, na waliyoiunda wakiri ya kuwa hawajui yote itakayotenda. Siwahukumu kwa kupenda kujaribu, maana bila mapenzi hayo tungekuwa bado twatuma tarishi. Nauliza tu swali lile lile: kiwanja cha majaribio ni cha nani, na mwenye shamba ameambiwa?

Nimerudi mara nyingi kwa mzee. Safari ya kwanza nilidhani nakwenda kuomba radhi tena, lakini alinikatiza, akasema radhi hupokewa mara moja. Safari ya pili aliniuliza kama bado ninayo mashine ya kunasa sauti. Nilipoileta aliketi chini ya mwembe ule ule, akaanza kuimba nyimbo za mkewe kwa kadiri alivyozikumbuka. Sauti yake ni nzito, na mahali pengine maneno yalimpotea akanyamaza, kisha akaeleza kwa mazungumzo jinsi mkewe alivyokuwa akipandisha sauti mahali hapo. Nilirekodi yote, pamoja na kunyamaza kwake. Nilitia nakala tatu katika vyombo vitatu, moja kwangu, moja kwa binti yake, moja kwa fundi wa Mwanza, na kabla ya kufanya hivyo nilimwomba ruhusa.

Hii si fidia. Yule mama hayumo, na nyimbo zake zikiimbwa na mwingine ni nyimbo, si yeye. Bado nafungua vyombo kila usiku, kwa furaha ile ile ya zamani, na mjomba bado ahesabu magunia. Lakini mtu akipiga hodi na kitu kilichofungwa katika kitambaa, kwanza naondoa vyangu vyote mezani. Kisha namwuliza kuna nini ndani, na kama kinapatikana mahali pengine. Naye akiisha kunijibu, humwambia nijualo na nisilolijua, ndipo ninyooshe mkono, au niukunje.